Supu ya Boga pa Barieri

Mwansa,

Niko na myaka makumi sita na tisa ao sabini na moja, na hakuna tena muntu mwenye anaweza kunibishia, juu bale bote baliniona nikizaliwa bamekufa. Nimezika bibi mbili. Nimezika ndugu ine kule Pweto. Ile mafua mubaya ya kisha vita ya kwanza ya bazungu iliua nusu ya kijiji yetu. Mi ikanikuta nakunywa uji, ikapita. Nimepikia bazungu batatu: wa kwanza alikufa na malaria, wa pili na pombe, na madamu wa mwisho alikimbia na motokari ile siku askari baliasi, na nguo ya kulalia mu mwili, akaacha kasroli yake nzito ya chuma juu ya moto. Ile kasroli iko hapa pembeni ya miguu yangu. Bote balikuwa banasema mi njo nitatangulia. Bako wapi?

Basi ata we hautaniua na mugongo. Juma iliyopita nilisimama pa senyenge ya kambi yenu ya bakimbizi, jua ya saa saba juu ya kichwa. Uliniona. Ukageuka, ukanipa mugongo na Kabeya, mutoto wako mudogo, amefungwa juu yake. Nilibaki nahesabu maua ya kitenge yako, nikafika makumi mbili na tatu, haukugeuka. Nikarudia kwangu Katuba na miguu. Sijasahau, na sijakusamehe.

Lakini kesho asubui munapanda treni ya Kasai, we, bwana yako Mukendi na batoto bawili, na kule Kasai mi siwezi kufika na haya magoti. Njo maana naandika. Naandika na mukono wangu, na kipande ya kreyo. Herufi nilijifunza peke yangu, juu ya mikebe ya maziwa na mu kaye, daftari ya madamu ya kupikia, hakuna mwalimu anaweza kusema alinifundisha ata moja. Lakini barua zangu zote za zamani Mukendi njo alikuwa ananiandikia. Na we haujui kusoma, juu mi nilikataa uende ku masomo. Nilisema mwanamuke anaenda kutafuta nini kule. Hiyo ni kosa yangu, na ona vile inanirudilia: ili maneno yangu ikufikie, inapashwa kupita mu kinywa ya Mukendi.

Mukendi, unasoma? Soma paka vile niliandika. Usipunguze, usiongeze, usitengeneze. Pahali nakutukana, soma na sauti.

Mwansa, sitakuambia ufunge mizigo na kamba mbili, ao uchemshe mayi ya batoto, ao musilale bote pamoja mu treni. Ile bamama ya kambi batakuambia mpaka masikio itachoka. Mi niko na neno moja. Mu Katuba banasema nilimuuzisha bwana yako kwa bijana ya barieri, bale benye kufunga njia. Banasema pa kisima, banasema pa soko, na mi nikipita bananyamaza kama kuku imeona mwewe. Na we unaamini. Nataka usikie vile ilikuwa. Kisha ile, amini vile unataka.

Kwanza ujue baba yako ni nani, juu naona umesahau. Mu hii Elisabetvili hakuna muntu anapika kunishinda. Sisemi mu Katuba, nasema mu muji muzima. Bazungu balikuwa bananyanganyana juu yangu. Madamu wa mwisho alikuja kunichukua pa mulango ya jirani yake, na balikaa myaka mbili bila kusalimiana. Baridi ikiingia, mwezi ya tano, alikuwa anafungua madirisha asubui, ananusa, anasema hii baridi inafanana na otone ya kwao, ile majira majani inaanguka na bantu banajifungia mu nyumba banakula bintu ya moto. Basi tulikuwa tunapika kama majani imeanguka: nyama ya kuiva polepole na karoti, biazi na maziwa ya kuoka mu furu, na supu ya boga. Ile supu alinionyesha mara moja. Mara ya pili, ye njo aliniuliza mi namna ya kufanya.

Na kila siku ya Mungu, kisha misa, tulienda ku mutoni na motokari. Bwana, madamu, batoto yao batatu, na mi nyuma na kasroli mu blanketi. Nilikuwa nabamenyea mayai. Nilikuwa nabafuta kamasi. Ule mudogo nilimuvusha juu ya mawe na mabega yangu mara ngapi, na alikuwa ananishika masikio kama usukani ya velo. Nabaambia mahadisi ya sungura. Bazungu bengine balikuwa banaleta batoto yao karibu basikilize.

We ulikuwa na myaka saba. Ulikuwa unabaki Katuba na mama yako, na magaribi nakuletea kipande ya mukate mu karatasi.

Siku moja madamu aliniambia: «Dimanshi ijayo leta binti yako, acheze na bangu.» Nilimuambia binti yangu iko na homa. Haukuwa na homa. Ulikuwa umeikaa pa kizingiti na robe yako ya manjano, umeshaoga, mama yako amekusuka. Na we nikakuambia motokari imejaa. Unataka kujua sababu? Ule mutoto wa myaka ine alikuwa ananiita boyi, na mi naitika. Na kwa we nilikuwa nimejitangaza kwamba mi njo mukubwa wa ile nyumba, kwamba bwana hatoke bila kuniaga. Sikutaka uje kusikia na masikio yako. Basi ukabaki. Uliniuliza kama kila mutoto kule iko na kijiko yake. Nikasema ndiyo. Ukauliza kama dimanshi ya kisha motokari itakuwa tena imejaa. Nikakuambia uache maulizo, ulale.

Ile homa ya uongo sikuwahi kumuambia muntu. Ata mama yako alizikwa bila kuijua.

Kisha ukakua, ukaniletea Mukendi. Mushoni, Mukasai, mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kukata nayo kitunguu. Bantu banasema nilimuchukia juu ya Ukasai yake. Uongo. Nimekula na Bakasai myaka makumi ine, na nimezika bengine. Mi nilimuchukia juu ya chumvi. Siku ya ndoa nilipika vyungu kumi na moja na mikono yangu. Ye akaonja supu mbele ya bantu bote, akainua macho, akasema na heshima yake yote: «Baba, chumvi iko wapi?» Shangazi zako balicheka mpaka moja akakohoa. Mi nikatabasamu. Ndani yangu nilifunga mulango siku ile.

Mukendi, ile supu ilikuwa na chumvi.

Desturi ya kwetu munaijua bote. Mukwe hakule kwa bakwe yake mpaka siku bamupikie chakula ya kumukaribisha, nyama yote na mboga yote, na kumufunulia vyungu moja moja mbele ya jamaa. Kutoka ile siku anakuwa mutoto wa nyumba, anaweza kufungua chungu mwenyewe. Myaka munane nilimunyima. Alikuwa anakuja kunisalimia, anakaa inje, anakula mukate yenye amenunua njiani, anakunja karatasi, anaitia mu mufuko, anaaga. Haukulalamika, na ye hakulalamika. Shangazi yako alikuja kuniuliza mara mbili lini tutapika. Nilimujibu siku ulimi ya Mukendi itapona. Mi mwenye kupikia bazungu batatu nilishindwa kupikia muntu moja. Siku hizi kasroli iko, na mi ninalala njaa kwa kusudi, juu sina hamu ya kupika.

Sasa fika pa ile dimanshi.

Madamu alikimbia, kazi ikaisha, na mi nikaanza kuja kuchukua batoto yako kila siku ya Mungu. Ulishangaa. Ulisema: «Tata, leo umekuwa nani?» Batoto yako njo balikula zile dimanshi zako, kama unataka kujua. Kabeya juu ya mabega, Ngalula mbele ya velo, kasroli nyuma mu blanketi, na tunaenda mpaka ku mutoni ya Kafubu. Kule tunachimba mizizi ya munkoyo ya kutengeneza kinywaji, batoto bananawa miguu, kisha tunakula supu na ingali moto. We ulikuwa unaniuliza namna ya kuipika na mi nakataa kukuambia, juu bukari yako ya unga ilikuwa na mabonge na niliona haustahili. Hii hapa: boga kavu ya juu ya nyumba, kitunguu moja, kalanga ya kusaga, mayi kidogo kupita vile unafikiri. Weka juu ya makala kidogo, nenda misa. Ukirudia imejipika yenyewe. Ata we unaweza. Chumvi, Mukendi atakuambia.

Ilikuwa mwezi ya nane, baridi inaanza kutoka. Katanga ilikuwa imejitenga mwaka muzima, bendera mupya kila pahali, na bijana ya chama balikuwa banafunga njia na mapipa na mashina ya miti, na minyororo ya velo mu mikono, banatafuta Bakasai. Ile ya njia ya Kafubu balikuwa bananijua kwa sura. Kila mara tulipita. Ile dimanshi balitusimamisha. Moja alikuwa amevaa koti ya askari isiyo na bifungo. Ye njo mukubwa yao. Akaangalia Ngalula, akaangalia Kabeya, akasema: «Muzee, hii batoto ni ya nani? Naona sura ya Kasai.»

Nikasema ni yangu. Ilikuwa inatosha. Mama Ansha, ule mwenye kuchoma biazi pale pembeni, alinikonyeza na kichwa nipite. Njia ilikuwa imeshafunguka, Mwansa. Muguu yangu ilikuwa juu ya pedali.

Kisha moja yao nyuma akasema: «Angalia hii muzee anabeba chungu kama mwanamuke.» Bakacheka.

Nilishuka ku velo. Nilifungua blanketi, nikafunua kasroli. Nikabaambia bakuje baonje kama mwanamuke yao iko moja anapika vile. Harufu ilibapiga. Balikula na vifuniko, na mikebe, moja alikula na kiganja. Minyororo bakaiweka chini. Ule wa koti akapangusa kinywa akasema: «Papa, we njo mupishi ya kweli.» Mwaka muzima hakuna muntu alikuwa ameniambia ile neno. Madamu alikimbia nayo. We ulikuwa haunisifu, na Mukendi alikuwa na chumvi yake.

Nikaikaa juu ya pipa. Batoto balibaki bamesimama, supu yao inaisha mu vinywa ya bengine. Nikabaambia nilipikia bakubwa gani, na bakubwa gani balinisalimia na mukono. Bakasema eh, papa. Nikaongeza. Ule wa koti akauliza, polepole, kama muntu mwenye kuuliza hali ya jamaa: «Na binti yako aliolewa muzuri, papa?»

Ona sasa. Nikasema aliolewa kupita binti zote ya Katuba. Nikasema mukwe wangu ni mushoni, hakuna wa pili, suti ya bakubwa ya muji inatoka kwake. Nikasema iko na mashini mbili za kukanyaga, bengine bako na sindano. Nikasema mulango yake ni ya bluu, nyuma ya soko, rangi ya bluu paka moja tu mu ile njia yote. Nikasema mi siwezi kuwa na mukwe mudogo.

Siku moja mu maisha yangu nilimusifu Mukendi. Nilimusifu kwa bale.

Ngalula alinivuta koti mara mbili. Aliniambia: «Nkambo, twende.» Nikamuambia angoje, bakubwa banazungumuza.

Ku mutoni hatukufika. Supu ilikuwa imeisha. Tukarudia na njia ingine, Ngalula mbele ya velo, mpaka karibu na soko. Kisha akaniuliza: «Bale bijana banajua papa?» Nikasema hapana. Akasema: «Basi sababu gani umebaambia mulango yetu?»

Mutoto wa myaka sita. Bakubwa saba pale pa barieri na mi wa munane, na ye peke yake njo aliona. Unajua nilimujibu nini? Nilimuambia: «Nyamaza. Kama unamuambia mama yako, sikuleti tena.» Nilikuwa nimeshaelewa, Mwansa. Nilielewa ile dakika yenye aliniuliza. Kulikuwa kungali siku tatu mbele bakuje. Ningeweza kuja kwako usiku ule, kusema mutoke, mubebe mashini, muende kwa rafiki. Lakini ilikuwa lazima kusema nilifanya nini. Nikajidanganya kwamba bamekula supu yangu, muntu hakuje kupiga nyumba ya muntu mwenye amemulisha.

Siku ya tatu bakakuja. Yenye balifanya unajua kupita mi. Balivunja mashini zote mbili, na mukono ya kuume ya Mukendi pa kizingiti, bakakata vidole viwili. Magaribi ile ulikuja kwangu na batoto, kitenge imeraruka, ukaniuliza: «Tata, nani alibaonyesha mulango?» Ngalula alikuwa ameshika nguo yako. Alikuwa ananiangalia. Mi nikakujibu: «Uliza Bakasai benzake, bao njo bako na wivu.» Na sauti kubwa, ata jirani basikie.

Ile neno njo naionea haya kupita ile ya barieri. Pale nilikuwa mupumbavu. Hapa nilikuwa na akili.

Kisha mukaenda kambi, chini ya ulinzi ya askari ya kofia ya bluu, na bantu elfu na elfu mu mahema ya magunia. Na muntu moja akakuambia aliniona nakula na bale bijana juu ya pipa, nacheka. Ni kweli. Nilicheka. Kutoka pale maneno ikajipika yenyewe: muzee aliuzisha mukwe wake, alipewa franga, alikuwa na chuki ya zamani. Mi nilipiga kelele mu njia yote ya Katuba, niliita bantu bambwa, nilivunja kiti ya jirani. Nilipigana juu ya ile uongo kwa nguvu yangu yote, juu ilinisaidia kuficha ile ya kweli. Muntu akikuita muuaji na we ni mwizi, unalia na roho safi.

Franga sikupata. Ata moja. Nilipata «papa, we njo mupishi ya kweli». Ile njo bei yao, na mi njo nilikuwa na njaa yake.

Sikuombi kitu. Usifikiri naomba. Ukienda Kasai, enda. Mama ya Mukendi atakutukana bukari yako, na itakuwa haki yake. Lakini kama siku moja Kabeya anaanza kujisifu mbele ya bantu, na we unaona macho yake inangaa vile yangu inangaa, usicheke, usimuambie ni mutoto. Ile alitoa kwangu. Umusifu we mwenyewe, kila siku, pale nyumbani, mpaka ashibe, asiende kuitafuta kwa bengine. Mi nilikunyima we, na mi mwenyewe nikabaki na njaa. Ni yote najua. Myaka sabini na najua paka ile.

Mukendi, mukono yako sina namna ya kuirudisha. Ulikuwa mushoni muzuri kupita bote ya muji. Nilisema kwa bantu babaya, sasa nasema kwako, na we mwenyewe njo unajisomea, basi usiseme haukusikia. Lakini uso yangu kesho pa kituo ya treni hautaiona. Nikikuja nitaanza kugombana na muntu, najijua.

Kama hamuamini, niko na bashahidi. Wa kwanza ni Mama Ansha, ye njo anakuletea hii karatasi chini ya biazi yake. Alikuwa pale pa barieri, alinikonyeza, aliona mikono yangu. Atakuambia hakuna kintu iliingia mu mikono yangu ila kijiko. Kama unasema ni rafiki yangu ananitetea, hana urafiki na mi. Aliniita punda mbele ya bateja siku ile, na ameniita vile mwaka muzima.

Wa pili ni Ngalula. Alisikia kila neno. Nilimuambia anyamaze, akanyamaza: ile magaribi pa mulango yangu, na mu kambi, na miezi yote ile ulikuwa unanilaani mbele yake. Pa senyenge, wakati ulinipa mugongo, ye alibaki amegeuka anangoja nimuambie. Mi nikaenda. Sasa iko na myaka saba na amebeba kintu yenye mi muzee nilishindwa kubeba. Mbele treni itembee, umukalishe kati yako na papa yake, umuambie nkambo amesema anaweza kusema.

Baba yako,
Chola, mupishi